Boti ya mitumba: Usinunue rangi, nunua kilicho chini yake

UPEPO wa kusi unapoanza kuvuma kwa nguvu, boti nyingi za kutembeza wageni na kuvua samaki wakubwa kwa mchezo hupandishwa pwani kusubiri msimu mwingine. Kuanzia Malindi, Watamu na Mtwapa hadi Shimoni, huo ndio wakati wa kukwangua makombe, kupaka rangi na kufungua injini. Na huo ndio wakati ambao mwenye boti, akishapiga hesabu ya matengenezo, huamua kwamba mwaka huu ni bora aiuze.

Kwa mjasiriamali mwenye mtaji wa kati, tangazo la namna hiyo huvutia sana. Boti mpya yenye chumba cha kulala, jiko dogo na injini mbili za dizeli ni ndoto kwa watu wengi. Lakini boti ya miaka 30 au 40 ya umbo lile lile inaweza kupatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Wengine huagiza kutoka Dubai, Afrika Kusini au Uingereza, ambako soko la boti zilizotumika ni kubwa na lina madalali wake.

Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huitazama boti kama wanavyolitazama gari. Wanauliza ilitengenezwa mwaka gani, imetembea saa ngapi, viti vikoje, rangi ikoje. Baada ya miezi mitatu wanagundua kwamba fedha walizolipia boti zilikuwa nusu tu ya fedha walizopaswa kuwa nazo. Akiba ya familia, au mkopo wa benki, unakaa juu ya magogo ufukweni ukinyeshewa mvua.

Makala haya yanaeleza namna ya kuikagua boti kuukuu ya injini na namna ya kufikia bei inayostahili. Kanuni kuu ni moja: thamani ya boti kuukuu haihesabiwi kuanzia bei ya muuzaji kushuka chini. Inahesabiwa kuanzia siku boti itakapokuwa salama na yenye kuingiza fedha, kisha unarudi nyuma.

Iliundwa kwa maji gani?

Swali la kwanza si bei, bali ni kazi. Boti za starehe hazifanani. Uingereza, kwa mfano, ina boti nyingi nzuri zilizoundwa kwa ajili ya mto Thames na mifereji ya Norfolk. Ndani zina vyumba vizuri, lakini ubavu wake ni mfupi, madirisha yake ni makubwa na tumbo lake ni bapa. Kuileta boti ya namna hiyo katika mkondo wa Pemba wakati wa kusi ni kujitafutia msiba.

Ulaya boti mpya hupangwa katika madaraja manne tangu sheria ya boti za starehe ilipoanza kutumika kwa lazima mwaka 1998. Daraja A ni la bahari kuu. Daraja B ni la upepo usiozidi nguvu ya 8 na mawimbi ya hadi mita 4. Daraja C ni la upepo usiozidi nguvu ya 6 na mawimbi ya hadi mita 2, na daraja D ni la maji yaliyotulia. Boti zilizoundwa kabla ya hapo hazina daraja, hivyo mnunuzi hulazimika kutazama umbo lenyewe.

Pwani ya Afrika Mashariki inalo fundisho chungu katika jambo hili. Feri ndogo ya MV Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya abiria wa Puget Sound katika jimbo la Washington, maji yaliyokingwa na nchi kavu na visiwa. Mwaka 2011 iliuzwa pamoja na mwenzake, Kalama, zikaletwa Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, na watu wengi wakapoteza maisha. Ajali huwa na sababu nyingi, na feri si boti ya starehe. Hata hivyo swali la chombo kiliundwa kwa maji gani linamhusu kila anayeagiza chombo kilichotumika.

Katika boti za mwendo kasi, umbo lililothibitika baharini ni lile lenye tumbo la V iliyozama, kutoka omo hadi tezi. Mchoraji wa Marekani, Ray Hunt, ndiye aliyelifanya lijulikane. Mwaka 1960 boti ya umbo hilo, Moppie, ilishinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Kutokana nayo kikaja chombo cha Bertram 31, ambacho hadi leo ni kipimo cha boti za uvuvi wa mchezo. Umbo la V hupasua wimbi badala ya kulipiga, ingawa linahitaji nguvu zaidi ya injini.

Aina ya pili ni boti za mwendo wa taratibu, zenye tumbo la mviringo na mkuku mrefu. Hizi haziwezi kulazimishwa kukimbia. Boti yenye urefu wa futi 36 kwenye mstari wa maji hufika kikomo chake kwenye takriban maili 8 za baharini kwa saa, hata ukiifunga injini ya lori. Faida yake ni matumizi madogo ya mafuta na uvumilivu baharini.

Faiba haiozi, lakini ina maradhi yake

Boti nyingi kuukuu zilizoko sokoni ni za faiba. Viwanda vya Uingereza kama Princess, Fairline na Sunseeker vilianza au kukua katika miaka ya 1960 na 1970, na boti zao za zamani bado zinaelea. Mafundi wa mwanzo hawakuwa na uzoefu mrefu na faiba, wakawa wanaweka tabaka nyingi kuliko zilizohitajika. Ndiyo maana boti ya mwaka 1970 mara nyingine ina ganda nene kuliko ya mwaka 1990. Umri peke yake, kwa hiyo, si hoja ya kuikataa.

Hata hivyo usidhani kila boti ya zamani yenye jina kubwa ni ya faiba. Boti za Grand Banks 36, kwa mfano, ziliundwa kwa mbao hadi mwaka 1973 ndipo zikahamia faiba. Katika maji yetu ya joto, ambako minyoo ya baharini hutoboa mbao usiku na mchana, tofauti hiyo ina maana kubwa katika bei.

Ugonjwa unaozungumzwa zaidi ni malengelenge. Maji hupenya taratibu kwenye tabaka la nje, yakachanganyika na mabaki ya kemikali ndani ya faiba, na kutengeneza majimaji yanayosukuma rangi kwa nje. Ukitoboa lengelenge moja, hutoka majimaji yenye harufu kama ya siki. Malengelenge machache hayaizamishi boti. Kuyatibu chini yote, hata hivyo, kunataka kuondoa tabaka la nje, kuosha kwa maji baridi mara nyingi, kukausha kwa wiki au miezi, kisha kupaka epoksi. Kazi hiyo ina gharama, na lazima ishushe bei.

Maradhi mabaya zaidi hayaonekani kwa nje. Ndani ya boti nyingi za faiba kuna mbao zilizofunikwa: mihimili inayobeba injini, ubao wa tezi na tabaka la mbao nyepesi katikati ya sitaha. Mtu akitoboa tundu la skrubu bila kuliziba vizuri, maji ya mvua huingia na kuozesha mbao hizo kwa miaka mingi huku faiba ya juu ikibaki inang'aa.

Kifaa cha kugundua hayo ni nyundo ndogo ya plastiki au kichwa cha bisibisi. Gonga sitaha nzima taratibu, kila sentimita 10. Penye afya hutoa sauti kali na kavu. Palipooza hutoa sauti nzito kama ya kugonga godoro. Gonga pia mihimili ya injini na ubao wa tezi. Kama boluti za injini zinazunguka bila kukaza, acha mara moja habari za rangi na mapazia: boti hiyo inahitaji kuondolewa injini kabla ya kutengenezwa.

Angalia pia maji yaliyo ngamani, na usikubali yakaushwe kabla hujafika. Maji ya chumvi yanaingia kutoka chini, labda kwenye shafti au valvu. Maji yasiyo na chumvi yanatoka juu kwa mvua, na hayo ndiyo yanayoozesha mbao.

Tumia maji kupwa

Ulaya mnunuzi hulipia boti ipandishwe kwa winchi ili aone chini. Sisi tuna bahati: wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa kwenye pwani yetu hufika karibu mita 4 katika maeneo mengi. Boti yenye tumbo linalofaa inaweza kulazwa kwenye mchanga laini na ikakaguliwa kwa saa kadhaa bila kulipia chelezo. Hakikisha tu kwamba hakuna mawe, na kwamba boti yenye propela zilizojitokeza inawekewa magogo ya kuilinda.

Ukiwa chini, shika propela uitikise. Ikicheza juu na chini, beringi ya shafti imekwisha. Kwangua kidogo madini ya propela na ya valvu zinazopitisha maji kwenye ganda. Rangi ya manjano ni dalili njema. Rangi ya waridi ina maana kwamba zinki iliyomo kwenye madini imeliwa na umeme wa maji ya chumvi, na kilichobaki ni kama sifongo. Valvu ya namna hiyo inaweza kukatika mkononi siku utakayoifunga, na boti ikazama ikiwa imetia nanga.

Tazama pia vipande vya zinki vilivyofungwa makusudi ili viliwe badala ya shafti na propela. Vikiwa vimeliwa nusu, vinafanya kazi. Vikiwa vipya kabisa katika boti iliyokaa majini muda mrefu, uliza vilibadilishwa lini. Vikiwa vimekwisha, uliza ni muda gani bahari imekuwa ikila kitu kingine.

Injini ndiyo nusu ya bei

Katika boti kuukuu yenye injini mbili, gharama ya kununua na kufunga injini mpya inaweza kuzidi thamani ya boti nzima. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa injini unastahili siku nzima, na fundi wa dizeli aliyezoea vyombo vya majini.

Kwanza, mafuta gani? Boti nyingi za zamani kutoka Marekani zina injini za petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama ngamani, na cheche moja ya swichi inatosha kulipua chombo. Boti za petroli zenye injini ya ndani huwekewa feni ya kutoa hewa chafu kabla ya kuwasha. Kama feni hiyo haifanyi kazi, usiruhusu injini iwashwe ukiwa ndani. Kwa biashara ya kubeba wageni, dizeli ni salama zaidi na ina bei nzuri wakati wa kuuza.

Pili, ifikie injini ikiwa baridi. Weka kiganja juu ya bloku kabla haijawashwa. Kama ina joto, mwenye boti ameitangulia, na inawezekana anaficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Vuta kijiti cha oili: oili yenye rangi kama chai ya maziwa ina maji ndani. Fungua kifuniko cha maji ya kupoza: utando wa mafuta ni dalili ya gasketi au kipozea joto kilichotoboka.

Tatu, soma moshi. Moshi kidogo wakati wa kuwaka si kosa. Moshi mweusi unaoendelea maana yake ni mzigo mkubwa, hewa haba au nozeli mbovu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, yaani pete au gaidi za valvu zimechoka. Moshi mweupe usiokwisha unaweza kuwa dizeli isiyoungua kwa sababu mgandamizo ni mdogo, au maji yanayoingia kwenye silinda.

Nne, peleka boti baharini. Iendeshe kwa nguvu angalau nusu saa, kisha mpaka mwisho wa msuli wake kwa dakika chache. Injini inayoshindwa kufika mizunguko iliyoandikwa na kiwanda ina kasoro: ganda chafu, propela isiyofaa, turbo iliyochoka au injini yenyewe. Joto lipande na kutulia. Likiendelea kupanda, njia za maji zimeziba kwa chumvi na kutu.

Usitishwe wala usifurahishwe sana na saa za injini. Injini ya dizeli iliyotunzwa hufanya kazi maelfu ya saa. Ile iliyokaa miaka mitano bila kuwashwa, maji ya chumvi yakiwa yamelala ndani ya njia za kupoza, inaweza kuwa mbaya kuliko iliyofanya kazi kila siku na kubadilishwa oili kwa wakati. Daftari la matengenezo na risiti za vipuri vina thamani kuliko mita ya saa, ambayo hubadilishwa kwa dakika 10.

Tano, tazama jinsi nguvu inavyofika majini. Shafti ya kawaida ni rahisi kutengenezwa na mafundi wetu. Mfumo wa injini ya ndani yenye mguu wa kusukuma nje ya tezi, ulioanzishwa na Volvo Penta mwaka 1959, unapunguza nafasi na kuongeza mwendo. Lakini mguu huo hukaa ndani ya maji ya chumvi, na mpira wake wa kuzuia maji ukichanika, boti inaweza kuzama. Mipira hiyo hubadilishwa kwa ratiba, na vipuri vyake si vya kupatikana katika kila duka. Kwa boti itakayolala majini mwaka mzima, toa bei ya chini kwa mfumo huo.

Vitu vidogo vinavyokula fedha

Tangi la mafuta mara nyingi huwekwa kabla ya sitaha kufungwa. Likitoboka kwa kutu, huenda ukalazimika kukata sitaha kulitoa. Nusa harufu ya dizeli, pitisha kitambaa chini ya tangi, na vuta sampuli kutoka chini kabisa uone kama kuna maji na uchafu mweusi.

Umeme wa boti kuukuu huwa ni historia ya mafundi wengi. Nyaya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, zisizo na fyuzi, ni chanzo cha moto. Mara nyingi ni nafuu kuzitoa zote na kuanza upya kuliko kutafuta kasoro moja moja. Mtungi wa gesi ya kupikia uwe na kisanduku chake chenye tundu la kutolea gesi nje ya boti, kwa kuwa gesi hiyo nayo hutuama chini.

Redio, vifaa vya kutambua kina na ramani za kielektroniki vya miaka 15 iliyopita visikuongezee bei. Muuzaji huvitaja kwanza kwa sababu vinaonekana. Mnunuzi avihesabu kama sifuri, isipokuwa vinafanya kazi mbele ya macho yake.

Karatasi: boti bila hati ni faiba tu

Boti inaweza kuwa nzima na bado ikawa hasara. Dai mlolongo wa hati za mauzo kutoka kwa mmiliki mmoja hadi mwingine. Boti zilizoundwa kwa soko la Marekani tangu mwishoni mwa mwaka 1972 zina namba ya ganda yenye tarakimu na herufi 12, iliyowekwa kwenye tezi upande wa kulia. Namba hiyo ilingane na karatasi. Namba iliyokwanguliwa ni sababu tosha ya kuondoka.

Kwa boti ya Uingereza, fahamu kwamba usajili wa vyombo vidogo, unaojulikana kama sehemu ya tatu ya rejista, hauthibitishi umiliki. Ni sehemu ya kwanza ya rejista inayoonyesha haki ya umiliki na rehani zilizosajiliwa. Boti yenye deni la benki lisilolipwa inaweza kukamatwa hata ikiwa mikononi mwa mnunuzi mpya.

Tahadhari nyingine ni boti za wageni waliofika kwa safari za dunia. Chombo kilichoingia nchini kwa kibali cha muda hakijalipiwa ushuru. Ukikinunua, deni la forodha linaweza kukufuata. Kabla ya kutoa fedha, mwone wakala wa forodha aliyesajiliwa na upate kwa maandishi makadirio ya ushuru na kodi.

Mwisho, zungumza mapema na mamlaka itakayoikagua. Kenya ni Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA. Tanzania Bara ni TASAC, iliyochukua majukumu ya vyombo vya majini kutoka SUMATRA mwaka 2018. Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA. Uliza ni vifaa gani vya uokoaji, moto na mawasiliano vinavyotakiwa kwa idadi ya abiria unaokusudia kubeba. Boti ya kutembelea familia na boti ya biashara hazikaguliwi kwa jicho moja. Kampuni za bima nazo kwa kawaida hudai ripoti ya mkaguzi huru kabla ya kuikubali boti ya umri mkubwa.

Hesabu ya bei

Sasa tufikie fedha. Namba zifuatazo ni za mfano tu, ili kuonyesha njia.

Tuseme unatazama boti ya futi 31 yenye injini mbili za dizeli. Umeuliza huku na kule ukaona kwamba boti ya aina hiyo, ikiwa nzima na inafanya kazi, huuzwa shilingi milioni 60. Muuzaji wako anataka milioni 42. Kwa haraka, unaokoa milioni 18.

Mkaguzi anatoa orodha: mihimili ya injini milioni 6; nozeli, pampu na vipozea joto milioni 5; tangi la mafuta milioni 3; umeme milioni 2.5, vifaa vya usalama milioni 2, chelezo na rangi milioni 2, valvu na hosi milioni 1.5. Jumla ni milioni 22. Katika boti kuukuu, ukifungua kimoja unakuta kingine, hivyo ongeza robo nzima kwa yasiyoonekana: milioni 5.5. Matengenezo sasa ni milioni 27.5. Kama kazi itakula mwanzo wa msimu, weka milioni 2.5 za mapato utakayokosa.

Toa vyote hivyo kutoka milioni 60. Kinachobaki ni milioni 30, na hicho ndicho kikomo chako. Ukilipa milioni 42, boti itakugharimu milioni 72, yaani milioni 12 zaidi ya kununua iliyo nzima. Aidha, siku ya kuiuza hakuna atakayekurudishia fedha za nozeli na nyaya.

Hesabu ya pili ni ya kuiendesha. Injini ya dizeli hutumia takriban lita 1 kwa saa kwa kila nguvu za farasi 5 zinazotumika. Boti ya mwendo kasi inayotumia farasi 240 hunywa karibu lita 48 kwa saa. Safari ya saa 2 za kukimbia, kwenda na kurudi, na saa 6 za kuvuta ndoano taratibu kwa farasi 50, inakula kiasi cha lita 156. Boti ya taratibu inayotumia farasi 40 kwa saa 8 hizo hizo hutumia lita 64. Zidisha kwa bei ya dizeli ya kwenu na idadi ya safari za msimu, uone kama wateja wako wanalipia mwendo au wanalipia siku nzuri baharini.

Namna ya kufunga biashara

Uingereza, desturi ni mnunuzi kutoa asilimia 10 ya bei kama arbuni, kwa mkataba unaosema kwamba ununuzi unategemea ukaguzi. Ukaguzi ukifichua kasoro kubwa, muuzaji anatengeneza, au anapunguza bei, au arbuni inarudishwa. Gharama ya mkaguzi ni ya mnunuzi. Utaratibu huo unafaa kuigwa hapa kwetu, kwa maandishi na mbele ya wakili. Mkaguzi awe wako, si rafiki wa dalali.

Kwa anayeagiza kutoka nje, picha hazitoshi. Tiketi ya ndege ya kwenda kuiona boti, pamoja na malipo ya mkaguzi wa huko, ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kusafirisha kwa meli chombo ambacho hakistahili kusafirishwa.

Mambo ya kubeba siku ya ukaguzi:

- Nyundo ndogo, bisibisi, tochi na kioo cha mkononi.
- Nguo za kuchafuka. Kasoro nyingi ziko ngamani na nyuma ya injini.
- Chupa safi za sampuli ya oili na dizeli.
- Daftari la kuandika kila kasoro na makadirio yake.
- Fundi wa injini na fundi wa faiba, kila mmoja kwa kazi yake.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa.

Mambo ya kukufanya uondoke bila kujadili bei: muuzaji anayekataa boti isipelekwe baharini, namba ya ganda iliyofutwa, mihimili ya injini iliyooza pande zote mbili, injini isiyo na vipuri sokoni, na bei inayotakiwa ilipwe leo leo kwa sababu kuna mnunuzi mwingine njiani.

Boti kuukuu si biashara mbaya. Ganda nene la faiba, injini za dizeli za kawaida ambazo mafundi wa mjini kwako wanazifahamu, na karatasi zilizo wazi, vinaweza kumpa mmiliki miaka mingi ya kazi kwa mtaji ambao usingetosha hata kianzio cha boti mpya. Lakini wageni watakaopanda hawataona hesabu zako. Watakuwa wamekabidhi maisha yao kwenye valvu na mihimili uliyoikagua au kuipuuza. Kama fedha za matengenezo hazipo mkononi siku ya kununua, basi hata bei ya boti yenyewe bado hujaifikisha. Subiri msimu mwingine wa kusi. Boti nyingine zitapandishwa pwani.